Nani Alimsaliti Lawino? Ndoa, Rangi na Majeraha ya Kurithi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayesoma makala haya ukiwa na kalamu mkononi, naomba nianze kwa kukiri kosa la kusahihisha. Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili isiyo mbali na Kondele, mjini Kisumu. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu sehemu za Wimbo wa Lawino wazisome katika Chama cha Kiswahili, ingawa si kitabu teule, kisha nikawatungia swali: Jadili usaliti katika ndoa ya Lawino na Ocol (alama 8). Mwongozo wangu wa kusahihisha ulikuwa na hoja nne zenye alama mbili mbili. Ya kwanza ni ile ambayo kila mwalimu angeiandika: Ocol anamsaliti Lawino kwa kumchukua mwanamke mwingine, Clementine.

Msichana mmoja hakuitaja hoja hiyo kabisa. Aliandika kuwa Clementine si tatizo. Kwa maoni yake, Lawino alisalitiwa siku mumewe alipoanza kumtukania mama na kudharau chakula cha kwao, maana siku hiyo Ocol alikuwa amekwisha kuondoka nyumbani hata kama bado alikuwa akilala humo. Nilichora mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Umetoka nje ya swali." Sufuri. Nilizirudisha karatasi, nikasahau.

Wiki chache baadaye nikiandaa somo la nafsineni katika ushairi, nililisoma shairi upya tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka mingi. Tuseme ukweli, wengi wetu hufundisha kwa miongozo. Niligundua kuwa msichana yule alilisoma shairi, nami nilikuwa nimesoma mwongozo wangu. Makala haya ni jaribio la kueleza kwa nini jibu lake lilikuwa bora kuliko langu, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaofundisha na kutahini maudhui ya ndoa, usaliti na ubaguzi wa rangi.

Kwanza usuli, kwa ufupi. Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Shairi lake lilichapishwa kwa Kiingereza jijini Nairobi mwaka 1966, toleo la Kiacholi likafuata mwaka 1969, na Paul Sozigwa akalitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1975. Watu wa Kisumu wana sababu ya ziada ya kulisoma. Baada ya kupoteza kazi yake Kampala, Okot alihamia hapa kwetu, akafanya kazi katika idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu. Kiacholi na Dholuo ni ndugu wa damu. Wanafunzi wangu wakisikia majina ya wahusika hawahisi ugeni. Wanahisi kama wanasengenya majirani.

Na hapo kwenye majina ndipo ningependa mtahiniwa aanzie. Jina Ocol linatokana na neno la Kiacholi lenye maana ya weusi. Hii ndiyo mbinu tunayoiita majazi, lakini Okot ameipindua ikawa kinaya. Mwanamume ambaye jina lake lenyewe ni weusi ndiye anayeuchukia weusi kuliko mtu yeyote katika shairi. Katika Wimbo wa Ocol, uliochapishwa mwaka 1970, anafikia hatua ya kumlaumu mama yake kwa kumzaa mweusi. Basi tuulize: mtu anayeona haya kwa ngozi aliyozaliwa nayo, atampendaje mke aliye na ngozi hiyo hiyo, anayepika chakula kile kile alicholelewa nacho na kuimba nyimbo zile zile alizobembelezwa nazo? Kila anapomtazama Lawino anajiona mwenyewe. Matusi anayomtupia mkewe ni matusi anayojitupia.

Sasa msikilizeni Lawino kwa makini. Je, analalamika kwa sababu mumewe ana mwanamke mwingine? Kidogo tu. Anakiri kuwa wivu unamuuma, kisha anasema waziwazi kuwa hamzuii mumewe kupenda atakako. Amekulia katika jamii ya ndoa za wake wengi, na mke mwenza si habari mpya kwake. Malalamiko yake marefu, yale yanayojaza sura nzima nzima, ni kwamba Ocol anawadharau watu wake: ngoma zao, nywele zao, jiko lao la mawe, namna yao ya kuhesabu wakati, majina yao, dawa zao. Ocol ameleta nyumbani kipimo ambacho Lawino hawezi kukifikia kamwe. Hata akijifunza kutumia jiko la kisasa na kusoma saa ukutani, bado atapimwa kwa ngozi yake.

Hapa ndipo wanafunzi wengi, na baadhi yetu walimu, hukosea. Tukiona neno "rangi" katika swali, tunamtafuta Mzungu. Tunataka kumpata kaburu, mlowezi, au dereva wa basi anayemfukuza mtu mweusi. Katika nyumba ya Lawino hamna Mzungu hata mmoja. Mume ni mweusi, mke ni mweusi, na Clementine ni mweusi aliyejipaka poda na kujichubua mpaka ngozi yake ikawa na mabaka. Ubaguzi wa rangi umo chumbani, tena unazungumza Kiacholi. Ndiyo maana unauma kuliko ule wa barabarani. Mgeni akikudharau unaweza kumpa kisogo na kwenda nyumbani. Aliyeko nyumbani akikudharau utaenda wapi?

(Mwalimu anayedhani mambo haya ni ya kale na atembee Kondele jioni, kuanzia kwenye daraja la barabara kuu hadi vibanda vya vipodozi, asome maandishi kwenye vikopo vya krimu. Kisha aulize wanunuzi ni akina nani na wanampendezesha nani.)

Lakini mhakiki hatakiwi kuwa wakili wa Lawino. Yeye naye ana ulimi wa moto, na anapomweleza Clementine anatumia taswira na tashbihi za kumdhalilisha mwanamke mwenzake mbele ya hadhira nzima. Tunacheka, na ni halali kucheka, kwa sababu kejeli ile imetungwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, angalieni kuwa Clementine hasemi neno hata moja katika shairi lote. Tunamjua kupitia kinywa cha mke mwenziwe peke yake. Jambo hili la nani anapewa sauti nitalirudia hivi punde, kwani ndilo linalotenganisha jibu la kawaida na jibu zuri.

Huenda mtu akasema kuwa Okot alitia chumvi, kwamba wanandoa wa kweli hawabebi historia yote ya ukoloni kati ya kitanda na meko. Ili kumjibu si lazima twende Gulu. Tunaweza kutoka Kisumu asubuhi na kufika Nyang'oma Kogelo, Kaunti ya Siaya, kabla ya chakula cha mchana. Ukoo wa Obama umeandikwa sana, na hapa kwetu watu huusimulia kama hadithi ya ushindi: mtoto wa Mjaluo aliingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009. Mimi nawaombeni mkisome kitabu ambacho Barack Obama alikichapisha mwaka 1995, Dreams from My Father, kwa namna nyingine. Kisomeni kama maandishi kuhusu ndoa. Mtakuta vizazi vitatu, na Ocol yumo katika kila kimoja.

Kizazi cha kwanza ni cha Hussein Onyango, babu. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika eneo lake kuvaa nguo za Kizungu, na kwa miaka mingi alikuwa mpishi katika nyumba za Wazungu. Kutoka jikoni mwa waajiri wake alileta nyumbani kanuni za usafi na za mezani, na akazisimamia kwa ukali ambao watu wa boma lake hawakuusahau. Mke wake wa pili, Akumu, mama mzazi wa Barack mkubwa, hakuweza kuuvumilia ukali huo. Alitoroka na kuwaacha watoto, wakalelewa na mke wa tatu, Sarah, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Mama Sarah. Ocol alipata kipimo chake vitabuni, Onyango akakipata katika sinia na vijiko vya watu wengine, lakini nyumbani matokeo yalifanana: mwanamke Mjaluo alipimwa kwa sheria za nyumba ambayo yeye mwenyewe hangeruhusiwa kuingia isipokuwa kwa mlango wa nyuma.

Tufike kizazi cha pili. Barack mkubwa alimwoa Kezia kwa mila miaka ya 1950. Mwaka 1959 alipata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii, akaondoka akimwacha mkewe na mtoto mmoja na ujauzito. Tarehe 2 Februari 1961 alifunga ndoa na Ann Dunham, msichana Mzungu, na mwezi Agosti mwaka huo akazaliwa mtoto ambaye baadaye angekuwa rais. Ndoa hiyo ilivunjwa mahakamani mwaka 1964. Mwaka huo huo alirejea Kenya, na mwanamke mwingine Mmarekani, Ruth, akamfuata Nairobi na kuolewa naye. Ndoa hiyo nayo ilivunjika. Mmoja wa watoto wa Ruth, Mark Ndesandjo, aliandika riwaya iliyochapishwa mwaka 2009 iliyojikita katika maisha yake, na akasema hadharani kuwa baba yao alikuwa akimpiga mama yao.

Mkiwapa wanafunzi habari hizi na kuuliza nani alimsaliti nani, darasa litagawanyika mara moja. Wengine watasema wanawake Wazungu walimpokonya Kezia mume. Wengine watasema Mwafrika aliwadanganya Wazungu. Nimelijaribu jambo hili darasani, na kelele ilisikika hadi ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Majibu yote mawili yanakosa kiini kwa sababu yanahesabu watu, hayaangalii mizani. Kitabu kinaeleza kuwa Barack mkubwa alimwambia Ann kwamba yeye na Kezia walikuwa wametengana. Kwa kuwa ndoa yao ilifungwa kijijini, hapakuwa na hati ya kuthibitisha talaka, kama vile hapakuwa na hati ya kuthibitisha ndoa. Zingatieni hapo. Ng'ombe walitolewa, jamaa walikula, watoto walizaliwa, lakini mbele ya meza yenye muhuri na wino vyote hivyo vilikuwa na uzito wa unyoya. Mwanamume aliyejua kusoma mizani zote mbili aliweza kuwa mume mahali pamoja na kapera mahali pengine. Kezia alisalitiwa na mizani hiyo. Ann, aliyeamini kuwa mizani yake ndiyo pekee iliyopo duniani, alisalitiwa nayo pia.

(Wanafunzi wa leo wanafaa kujua kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila nchini Kenya na kutaka zisajiliwe. Wasichana wangu huipenda habari hii kuliko tamathali zote za usemi nilizowafundisha.)

Sasa kinaya kikubwa. Onyango, mtu wa vijiko na usafi wa Kizungu, aliposikia mwanawe anamwoa Mzungu alikataa kata kata. Kwa nini? Hapa kitabu kinatupa sababu mbili, na kila sababu ina msimulizi wake. Kwa masimulizi ya Ann, mzee aliandika barua kali akisema hataki damu ya ukoo wake ichafuliwe na mwanamke Mzungu. Kwa masimulizi ya Mama Sarah, mzee aliuliza maswali ya baba mkwe yeyote wa Kijaluo: je, mwanamke huyo atakubali kuja kuishi huku? Atakubali kuwa mumewe ana mke tayari? Na mbona baba yake haji tuzungumze? Kwa msimulizi wa kwanza ni suala la rangi. Kwa wa pili ni suala la adabu ya ndoa. Pingamizi ni lile lile. Mtahiniwa anayeandika "Onyango ni mbaguzi" na kuishia hapo atapata alama moja. Anayeonyesha kuwa sifa hiyo inategemea ni nani anayesimulia amekwisha kuonyesha uhakiki.

Nilisema nitairudia sauti. Habari za Akumu kutoroka tunazipata kwa nani? Kwa Mama Sarah, mke mwenza aliyebaki. Alizisimulia kwa Dholuo, mjukuu wake Auma akazitafsiri, na mjukuu mwingine aliyelelewa mbali akaziandika kwa Kiingereza. Sisemi kuwa Mama Sarah alidanganya. Alifariki tarehe 29 Machi 2021 katika hospitali kuu ya rufaa hapa Kisumu, ile ambayo watu wa Kondele bado wanaiita Russia, na mji mzima ulimwomboleza kwa heshima aliyostahili. Nasema tu kuwa mke aliyebaki ndiye aliyesimulia habari za mke aliyeondoka, kama vile Lawino alivyosimulia habari za Clementine. Akumu angesema nini? Na Kezia, aliyefariki Uingereza mwezi Aprili mwaka huo huo, katika vitabu hivi anasimuliwa na wengine. Hata Lawino mwenyewe, pamoja na ukali wa ulimi wake, ni sauti ya mwanamke iliyopitia katika kalamu ya mwanamume. Kwa maoni yangu Okot aliibeba sauti hiyo kwa uaminifu kuliko watunzi wengi wa kiume wa wakati wake, ingawa nadhani anamfanya Lawino asamehe upesi mno. Mwishoni mwa shairi Lawino anaomba mumewe atakaswe, aombe radhi kwa wazee, kisha yeye amchezee ngoma. Sijui wangapi kati ya mama zetu wangecheza.

Kizazi cha tatu ndicho kilichoandika. Barack mwaka 1995, Mark mwaka 2009, Auma mwaka 2010. Watoto watatu wa baba mmoja, kutoka kwa mama watatu, kila mmoja ameketi mezani akijaribu kumwelewa mtu aliyefariki katika ajali ya gari jijini Nairobi tarehe 24 Novemba 1982. (Okot naye alifariki mwaka huo huo.) Hakuna uhakiki unaoonyesha vizuri zaidi kwamba moyo uliovunjika katika ndoa moja huendelea kuuma katika nyumba zinazofuata.

Je, haya yanamsaidiaje mtahiniwa mwenye vitabu teule? Chukua tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha. Humo hamna suala la rangi, na tafadhali usililazimishe. Lakini Yona anaponywa pombe na kumpiga Sara, kipimo anachokitumia si chake. Ni cha wanakijiji waliomcheka kwa kukawia kupata watoto, na kisha kwa kuzaa mabinti pekee. Amekipokea kipimo cha nje na kukiingiza ndani, sawasawa na Ocol. Kisha angalia ndoa ya binti yao Neema na Bunju, anayeona vigumu mama mkwe kulala nyumbani mwake, uone kipi kimerithiwa na kipi kimebadilika. Hiyo ni insha nzima ya alama ishirini. Ama ukitaka mfano wa rangi kama ahadi ya uongo, hadithi ya Ken Walibora, Damu Nyeusi, iliyochapishwa mwaka 2007, inakutosha: Fikirini akiwa Marekani anamwamini Fiona kwa kuwa ni mweusi mwenziwe, na kuamini huko ndiko kunakomponza. Si hadithi ya ndoa, kwa hivyo itumie kama mfano wa kulinganisha tu.

Nilimwita yule msichana wakati wa mapumziko, nikamwonyesha karatasi yake na kufuta maneno yangu mekundu. Nilimwongezea alama mbili za hoja ile, na nikamwambia mbele ya wenzake kuwa mwalimu ndiye aliyetoka nje ya swali. Alinishukuru, akakunja karatasi, kisha akaniuliza: "Sasa Mwalimu, Clementine naye, nani alimsaliti?" Kengele ililia kabla sijafungua kinywa. Nimeliweka swali lake katika karatasi ya muhula ujao, alama kumi, na mwongozo wa kulisahihisha bado sijauandika.